Maswali Yenu ya Lugha: chanjo "efficacious", mkopo "effective" na karani "efficient"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni mzazi wa watoto wawili, naishi Magomeni hapa Bagamoyo. Juzi tuliitwa kikao na watu wa utafiti wa chanjo ya malaria, daktari akawa anachanganya Kiswahili na Kiingereza kama kawaida yao, mara chanjo ni "efficacious", mara ni "effective", ukimuuliza kwa Kiswahili zote mbili anakwambia "ina ufanisi". Alafu akataja asilimia 68. Tulivotoka pale jirani yangu akawa analia kabisa, anasema kumbe kwenye kila watoto 100 kuna 32 chanjo inawakataa, sasa wangu si ndo atakuwa humo. Nikamwambia sio hivo, ila kueleza nikashindwa. Hayo maneno ni kitu kimoja au tulikuwa tunaringishiwa Kiingereza tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na jirani yako mpe pole, mwambie afute machozi kwanza maana hesabu aliyoipiga siyo yenyewe.

Kwa mzungumzaji wa kawaida wa Kiingereza "effective" na "efficacious" zinakaribiana sana, zote zinasema kitu kimeleta matokeo yaliyokusudiwa. Ila "efficacious" hulisikii sokoni wala kwenye daladala, linatembea na dawa, chanjo, tiba, na kwa watu wa dini linatembea na dua na neema. Binadamu haitwi "efficacious". Ukiandika barua ya kumsifia karani wako ukasema ni "very efficacious" Mwingereza atadhani huyo karani anamezwa kutwa mara tatu.

Sasa daktari wenu siyo mzungumzaji wa kawaida, ni mtu wa utafiti, na huko kwao kuna mpaka kabisa kati ya hayo maneno. "Efficacy" ni nguvu ya dawa au chanjo ilivopimwa ndani ya jaribio, yani watoto wamepokewa kwa vigezo, dozi zote wamepata kwa tarehe zake, chanjo imekaa kwenye friji kwa ubaridi unaotakiwa, mtoto akichemka tu anapimwa damu, na pembeni kuna kundi lingine la watoto waliopewa chanjo tofauti kabisa ili pawe na cha kulinganisha. Kitu kikifaulu hapo ndo kinaitwa "efficacious". "Effective" kwa hawa watu ni kitu kile kile kikishatoka huko kikaja mtaani kwetu, ambako umeme unakatika, mama kaenda msibani Handeni wiki ile ile ya dozi ya tatu, kadi ya kliniki imelowa mvua, na mtoto wa nyumba ya pili hakupelekwa kabisa. Chanjo ni ile ile ila mazingira siyo yale, kwa hiyo na matokeo yanapimwa upya.

Kiswahili ndo kimewaponza hapo kikaoni, maana neno ufanisi tumelitwisha mzigo mkubwa mno. "Efficacy" ufanisi, "effectiveness" ufanisi, "efficiency" nayo ufanisi, na zile ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ambazo kwa Kiingereza ni "performance audit" zinaitwa ukaguzi wa ufanisi. Neno lenyewe zuri tu, limetoka kwenye kufana, kama tunavosema harusi imefana, lakini likisimama kwa watu wanne kwa wakati mmoja msikilizaji atajuaje anaambiwa lipi. Kuna wanaosema litungwe neno jipya, mi sioni haja, ningemwambia daktari atumie vitenzi: chanjo ilifanya hivi kwenye jaribio, na chanjo inafanya hivi mtaani, kila mama angeelewa bila kamusi.

Haya, 68. Kwa vile kikao kilikuwa Bagamoyo naona alikuwa anaisema R21/Matrix-M, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na inatengenezwa na Serum Institute ya India. Jaribio lake kubwa lilifanyika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na kwa Tanzania kituo kilikuwa hapa hapa kwetu chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, kwa hiyo kuna watoto wa mitaa yenu ambao wamo ndani ya hiyo namba. Walihesabiwa watoto zaidi ya 4,800 wa umri wa miezi 5 mpaka 36, wenzao wa kulinganisha wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2024: katika mwaka mmoja baada ya dozi ya tatu, sehemu ambazo malaria inakuja na msimu ilikuwa asilimia 75, na sehemu kama zetu ambazo mbu hana likizo ikawa 68.

Hiyo 68 inalinganisha makundi mawili, haimnyooshei kidole mtoto mmoja mmoja. Chukua watoto wengi waliochanjwa, na wengine idadi ile ile hawajachanjwa, wanaishi mitaa ile ile na wanaumwa na mbu wale wale. Kama kwenye kundi lisilochanjwa wakipatikana wagonjwa 100 kwa mwaka, kwenye lile lililochanjwa watapatikana kama 32. Basi, hiyo ndo 68, ni pungufu la wagonjwa. Wale ambao wasingeugua mwaka huo hata bila chanjo hawamo kwenye hiyo mia, na hakuna mahali pameandikwa kwamba chanjo imemkataa fulani.

Kama jirani bado anabisha mpe namba za corona, maana hizo zinashikika zaidi. Chanjo ya Pfizer mwaka 2020 ilitangazwa ina asilimia 95. Kwenye jaribio lile walikuwemo watu zaidi ya 43,000, nusu walichomwa chanjo na nusu maji ya chumvi tu, bila kuambiwa nani kapata nini. Waliokuja kuugua kuanzia wiki moja baada ya dozi ya pili walikuwa 170, kati yao 162 ni wa maji ya chumvi na 8 ni wa chanjo. Nane ukiilinganisha na 162 ni kama asilimia 5, ukitoa kwenye mia unabaki na 95. Sasa tukienda kwa hesabu ya jirani yako, hiyo 5 iliyobaki ingekuwa ni asilimia 5 ya wote waliochanjwa, yani watu zaidi ya elfu moja wangelala kitandani. Waliougua ni nane!

Tuje huku mtaani. Kabla ya R21 kulikuwa na RTS,S, nayo ilipita hapa Bagamoyo na kule Korogwe mkoani Tanga kwenye jaribio la mwaka 2009 hadi 2014. Ilivofaulu kwenye jaribio haikusambazwa moja kwa moja kila mahali, kuanzia 2019 ilipelekwa Ghana, Kenya na Malawi ikatolewa kwenye kliniki za kawaida na wauguzi wa kawaida, ili ionekane sasa ikikutana na maisha yenyewe itakuwaje. Baada ya miaka kama minne ikaonekana vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13. Najua mtu akitoka kusikia 68 akaja kukutana na 13 ataona ametapeliwa, lakini angalia kinachohesabiwa hapa, ni vifo, siyo homa, tena vifo vya karibu kila sababu siyo malaria peke yake, na humo wamo hata watoto ambao hawakuchanjwa kabisa au waliishia dozi ya pili. Kwangu mimi hiyo 13 ndo habari kubwa kuliko 68, ila kwa sababu inasikika ndogo haipewi vichwa vya habari.

Na msidhani "efficacious" ni cheo cha kudumu. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka klorokwini, ule muwasho wake unajikuna mpaka nyayo, lakini ilikuwa inatibu. Kidonge hakikubadilika hata chembe, waliobadilika ni vimelea vya malaria, wakaizoea, mwaka 2001 nchi ikahamia dawa nyingine, SP, na SP nayo haikuchelewa kuzeeka, 2006 ukaingia mseto, ile ALu. Mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu, ile dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza na siyo kesho yake, na umeze ukiwa umekula kitu chenye mafuta mafuta au maziwa ndo dawa inaingia vizuri mwilini. Sasa mtu anameza siku moja na nusu, homa imeshuka, vilivobaki anavitia kwenye kopo anamwekea shemeji. Hiyo dawa "efficacious" bado iko pale pale, ila kwake yeye haikuwa "effective", na shemeji naye haitamsaidia kwa sababu dozi haijatimia.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nimemaliza chuo nipo tu nyumbani Dunda natafuta ajira. Kwenye usaili nikaulizwa tofauti ya "effective" na "efficient", nikasema "effective" ni matokeo na "efficient" ni uharaka. Wakaangaliana alafu wakaandika kitu. Sijaitwa mpaka leo. Nilikosea wapi?

JIBU: Nusu ya kwanza umepata. Nusu ya pili umeikata, maana uharaka ni muda tu na muda ni kimoja kati ya vitu vinavotumika. "Efficient" inaangalia umetumia nini na nini kuyapata hayo matokeo: muda, hela, mafuta, watu.

Nenda soko la samaki pale ufukweni jioni wakati kina mama wanakaanga. Mmoja ana mafiga matatu, kuni zinawaka moto unakwenda na upepo wa bahari, mwenzie ana jiko banifu. Samaki wameiva kote kote na wateja wanakula, kwa hiyo wote wawili ni "effective". Lakini mzigo wa kuni unaoisha leo kwa yule wa mafiga, huyu wa jiko banifu kesho bado anautumia, huyo ndo "efficient". Na anaweza akatokea wa tatu, anabana kuni kupita kiasi mpaka samaki wanatoka na damu kwenye mfupa, huyo kabana kweli ila hana alichofanya.

Unaona kwamba kwenye jiko Kiswahili kimeshapata neno lake, banifu, na limekubalika mpaka vijijini. Ila usije ukasema karani banifu, watakuelewa kwamba ni bahili wa kalamu. Karani "efficient" mwite mchapakazi asiyepoteza muda, inatosha. Na hao waliokusaili wala usiwawazie sana, wengi wao ukiwageuzia swali wangejibu kama wewe.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Nafanya biashara ndogo huku Kaole. Nilienda kuchukua mkopo, ofisa akaniambia riba ni asilimia 20 tu kwa mwaka. Kusoma fomu, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi pameandikwa "effective annual rate" asilimia 41. Kumuuliza akasema hiyo ni mambo ya kompyuta usiijali. Hiyo "effective" na yenyewe ni ya dawa?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Ijali sana ndugu yangu, tena hiyo ndo ya kuanza nayo kusoma. Hapa "effective" maana yake ni halisi, yani ile inayokugusa mfukoni ukishaondoa maneno.

Angalia. Umekopa shilingi 1,000,000, riba ya flati asilimia 20, kwa hiyo unarudisha 1,200,000, kila mwezi 100,000 kwa miezi 12. Inasikika poa. Lakini hiyo milioni hukai nayo mwaka mzima, mwezi wa kwanza tu umeanza kuirudisha, ukifika mwezi wa sita nusu ya marejesho umeshayatoa, na bado riba unatozwa kama vile milioni yote unayo wewe. Ukipiga hesabu kwa deni linalobaki kila mwezi inakuja kama asilimia 2.92 kwa mwezi, na ikijikusanya kwa miezi 12 inafika hiyo hiyo 41 ya kompyuta.

Ndo maana mtu anaikimbia ofisi inayosema asilimia 30 anaenda kwa wanaosema 20 alafu anaumia. Kama ile 30 ni ya riba inayopungua, inayohesabiwa kwenye salio la deni, milioni hiyo hiyo kwa miezi 12 utalipa kama 97,500 kwa mwezi, nafuu kuliko 100,000 ya wale wa 20. Kwa hiyo ukienda popote usiulize riba ni ngapi, uliza "effective" ni ngapi, uliza na ada za fomu na bima zimo au zinakuja pembeni, alafu linganisha. Halali na haramu ya riba yenyewe waulize masheikh, mi nipo kwenye neno tu.

SWALI: Mwalimu tusaidie, ofisini kwetu imekuja barua ya uhamisho imeandikwa "effective from 1st July", kijana wetu akaitafsiri "uhamisho wenye ufanisi kuanzia tarehe 1 Julai", tumecheka mpaka bosi katoka nje kuuliza kulikoni. Inatakiwa iweje?

JIBU: Kuanzia. Uhamisho huu unaanza tarehe 1 Julai, na kama ni sheria au bei mpya unasema itaanza kutumika tarehe fulani. Ufanisi haumo kabisa. Na barua za aina hiyo mtaziona sana mwezi huo kwa sababu ndo mwaka wa fedha wa serikali unapoanza, kwa hiyo huyo kijana mfundisheni mapema. Ndugu yake ni "effectively", ambayo mara nyingi haina uhusiano na kufanya vizuri. Ukiambiwa fulani ni "effectively the boss" hawamsifii, wanasema kwa vitendo bosi ni yeye, hata kama kwenye mlango pameandikwa jina la mwingine.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Mwalimu. Nafundisha dini, kwenye Biblia ya Kiingereza ya zamani nimekuta "effectual prayer". Ni "effective" iliyokosewa?

JIBU: Milele amina. Haijakosewa, ni neno la ukoo huo huo lililozeeka. Umelikuta Yakobo 5:16 kwenye King James ya mwaka 1611, na Kiswahili chetu pale kinasema kuomba kwake mwenye haki "kwafaa sana", ambayo kwangu imekaa vizuri kuliko "ina ufanisi" mara kumi. Siku hizi "effectual" utaliona kwa wanasheria na kwenye vitabu vya dini tu. Kinyume chake ndo bado kinaishi, "ineffectual", na hicho kinasemwa hata kwa mtu, yule anayefoka kutwa na hakuna anayetingishika. Dua la kuku kwa mwewe ni "ineffectual" kabisa, halina tafsiri nyingine.

Na mlioniuliza matamshi kwa meseji, nawajibu wote hapa. "Efficacious" inatamkwa e-fi-KEI-shas, mkazo uko kwenye KEI. "Efficacy" mkazo uko mwanzo kabisa, E-fi-ka-si, sisi kwa mazoea ya Kiswahili tunaupeleka silabi ya pili kutoka mwisho tunasema efiKAsi, utaeleweka lakini watakugeukia. "Efficient" ni i-FI-shent, na "effective" ni i-FEK-tiv. Na walimu naomba muiangalie ile "affective" yenye a mbele mnayoiandika kwenye maandalio ya somo, hiyo ni ya hisia na mitazamo ya mwanafunzi, haihusiani na hizi za leo hata kama sikioni inafanana nazo.